Kompyuta huhesabu ilichoambiwa

Tangu Tanzania, Kenya na Uganda zipewe uenyeji wa AFCON ya 2027, soka la Dar es Salaam limepata wafanyabiashara wa aina mpya. Wanakuja na kompyuta mpakato, vesti nyeusi zenye kifaa kidogo katikati ya mabega, na programu ya simu ambayo, kwa maelezo yao, itapunguza majeraha kikosini. Zamani vitu hivyo tuliviona kwa timu kubwa za ligi tu. Sasa wauzaji wanabisha hodi mpaka kwenye akademi za vijana za Tabata, Mbezi na Kigamboni, ambazo nyingine hazina hata mipira ya kutosha. Na redioni, kwenye vipindi vya michezo, mjadala una sura mbili tu. Mchezaji akiumia nyama za paja, msikilizaji anapiga simu kuuliza kwa nini klabu haina mfumo wa kisasa wa kufuatilia mzigo wa mazoezi. Klabu ikiwa nao na mchezaji akaumia vilevile, mwingine anapiga kusema mambo ya kompyuta ni utapeli, mpira unachezwa kwa miguu.

Wote wawili wanakosea, tena wanakosea mahali pamoja. Wanaichukulia programu kama mtabiri. Mmoja anamwamini, mwingine anamwona muongo. Kazi yake halisi ni ya karani: kuandika nani kafanya nini, kwa muda gani, na mwili wake umepokeaje. Karani mzuri ana thamani kubwa kwa timu, na nitaeleza kwa nini. Lakini karani huandika alichoambiwa, na katika jiji hili sehemu kubwa ya mzigo anaoubeba mchezaji kijana hakuna anayemwambia. Klabu itakayonunua programu kabla ya kulitatua hilo itakuwa imenunua rangi ya kijani ya kutazama kwenye skrini.

Tuangalie kwanza kilichomo ndani. Programu nyingi za aina hii, ukiziondoa michoro na rangi, zinasimama juu ya swali moja. Mazoezi yakiisha, baada ya muda mfupi wa kupumzika, mchezaji anaulizwa: yalikuwa mazito kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi? Namba anayotaja inazidishwa kwa dakika alizofanya. Mazoezi ya dakika 90 yaliyopewa sita yanakuwa alama 540. Mepesi ya dakika 60 yaliyopewa tatu yanakuwa 180. Wazo la kutaja uzito wa kazi kwa namba lilianza na mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Borg, miaka ya 1960. Aliyelizidisha kwa dakika ni Mmarekani Carl Foster, miaka ya 1990, akitafuta njia ya kulinganisha mazoezi ya aina tofauti bila kumfunga kila mtu kifaa cha mapigo ya moyo. Vesti ya GPS inaongeza mita zilizokimbiwa, mbio kali na mara ngapi mtu kaongeza au kukata kasi ghafla. Hizo ni taarifa nzuri, ila zinaeleza upande mmoja. Mita 9,000 za kijana aliyelala vizuri na kula vizuri, na mita 9,000 za mwenzake aliyefunga Ramadhani na kusimama kwenye daladala mbili kutoka Gongo la Mboto, kwa vesti ni kitu kilekile. Kwa namba ya mdomoni, mmoja atasema tano na mwingine nane. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa majibu ya mwanamichezo mwenyewe hufuata kupanda na kushuka kwa mzigo vizuri kuliko vipimo vingi vya mashine. Maana yake, kipande chenye thamani zaidi ndani ya programu ni kile ambacho mwalimu anaweza kukifanya kwa daftari la mistari na kalamu.

Juu ya alama hizo ndipo ilipojengwa namba iliyoleta kelele zote. Mwaka 1975 Eric Banister na wenzake, huko Kanada, walitoa wazo kwamba kila zoezi huacha vitu viwili mwilini, uzima na uchovu, na kwamba uchovu hupanda kwa nguvu na kuondoka haraka, wakati uzima hujengeka polepole. Miongo minne baadaye, mwaka 2016, mtafiti wa Australia, Tim Gabbett, aliandika makala iliyosomwa na karibu kila kocha wa viungo duniani. Kwa lugha nyepesi: chukua mzigo wa siku 7 zilizopita, ugawanye kwa wastani wa wiki wa siku 28 zilizopita. Ikitoka kati ya 0.8 na 1.3, mchezaji yuko pazuri. Ikifika 1.5 na kuendelea, yuko hatarini. Namba moja, mipaka inayoeleweka, rangi tatu za taa za barabarani. Huwezi kumlaumu mtengeneza programu kwa kuipenda. Ni kama iliumbwa kwa ajili ya skrini ya simu. Na ndani ya makala ile kulikuwa na hoja ambayo wengi waliipita haraka: kwamba mzigo mkubwa uliojengwa taratibu humlinda mchezaji, na anayelelewa kwa mazoezi mepesi mno ndiye huvunjika siku ya mechi ngumu. Hoja hiyo naiona bora kuliko namba yenyewe.

Namba ilianza kuyumba baada ya watu wa takwimu kuifungua. Mwaka 2020 Franco Impellizzeri na wenzake walichapisha uchambuzi mkali wakionyesha kuwa uwiano ule hauna msingi imara wa kuitwa chanzo cha majeraha, na kwamba kugawanya namba mbili zilizofungamana huzaa mahusiano ya kimahesabu yasiyokuwepo mwilini. Huhitaji shahada ili kuona tatizo. Wiki hii imo pia ndani ya zile wiki nne, kwa hiyo uwiano hauwezi kamwe kuzidi 4, hata mtu afanye maajabu gani. Kijana aliyelala wiki mbili kwa malaria akirudi na mazoezi ya kawaida kabisa, uwiano wake unaruka juu kwa sababu kigawanyo kimekauka. Na kinyume chake ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi: mchezaji anayecheza kila siku ya tatu, wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi, uwiano wake ni 1.0. Kijani. Amechoka hadi kwenye mifupa, na skrini inamsifu kwa kutobadilika.

Halafu likaja jaribio lenyewe. Nchini Norway timu 34 za vijana wa kiwango cha juu, wachezaji 482 wa kike na wa kiume, ziligawanywa kwa kura. Upande mmoja makocha walipanga mazoezi kwa kufuata uwiano huo, upande mwingine wakaendelea kama kawaida, kwa msimu wa miezi 10. Matokeo yalichapishwa 2021: hakukuwa na tofauti ya matatizo ya kiafya kati ya makundi hayo mawili. Muuzaji atakayekuja klabuni kwako na ule mchoro wa taa tatu, muulize kuhusu jaribio hilo kabla hujamkaribisha soda.

Hapo wanaopinga hupiga makofi mapema. Uwiano ukishindwa kutabiri, hitimisho lao ni kwamba kuandika mzigo hakuna faida. Haifuati. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa wakimbiaji 5,205 waliokuwa wakivaa saa za Garmin, walifuatiliwa kwa miezi 18. Uwiano wa wiki kwa wiki haukuonyesha hatari kama ilivyodhaniwa. Kilichoonekana ni kitu rahisi zaidi: mtu akikimbia umbali unaozidi kwa zaidi ya asilimia 10 mbio zake ndefu kuliko zote za siku 30 zilizopita, uwezekano wa kuumia unapanda, na umbali huo ukizidi mara mbili ya mbio hizo unapanda sana. Hatari ilikaa kwenye siku moja ya kujitutumua kupita kiasi. Ukitaka kuliona hilo kwa macho, nenda Coco Beach au Daraja la Tanzanite Jumamosi alfajiri, msimu wa marathoni unapokaribia. Vikundi vya joging vya mjini vina watu waliozoea kilomita 5 na supu baada ya hapo. Tisheti ya kilomita 21 ikishagawiwa, hakuna anayetaka kuonekana mnyonge. Ila ili ujue mbio zako ndefu za mwezi uliopita zilikuwa ngapi, lazima uwe umeziandika. Hapo ndipo karani anapohitajika.

Kwa timu ya mpira ni vilevile. Rekodi ya wiki sita inamwambia mwalimu kwamba beki aliyetoka kuuguza goti hajagusa mbio kali hata mara moja, kwa hiyo kumwanzisha Jumamosi ni kamari. Inamwambia kwamba kikosi kizima kimetaja nane kwa zoezi alilolipanga liwe la uzito wa nne, na kwamba pengine joto la saa tisa mchana mwezi Februari limefanya kazi kuliko yeye. Haya hayatabiri jeraha. Yanampa mwalimu jambo la kuuliza, na mara nyingi swali lenyewe ndilo tiba.

Sasa nije Temeke. Msimu uliopita nilikaa pembeni ya kiwanja kimoja cha vijana nikimwangalia mwalimu akijaza programu ya majaribio aliyopewa bure. Mazoezi yameisha, jua linazama, vijana wamejipanga mstari mmoja mbele ya simu. "Dogo, leo ngapi?" "Tano, mwalimu." Wa pili: tano. Wa tatu: tano. Wa nne, kiungo mwembamba, akasema nane, na mstari mzima ukalipuka: "Babu kachoka!" Akajichekea, akasema, "Basi sita, mwalimu." Simu ikapokea sita. Mwisho wa mstari alisimama winga mmoja, mkono nyuma ya paja, akisugua. Naye akasema tano. Jina lake likawaka kijani. Ndipo mtunza vifaa, akiokota koni bila hata kuinua uso, akasema, "Huyo jana alikuwa Mbagala, mwalimu. Kapiga mbili." Mwalimu akamgeukia: kwa nini hukuniambia? Kijana akajibu kwa adabu zote, "Hukuuliza ya jana, mwalimu."

Na kweli hakuulizwa. Programu ilikuwa na nafasi ya mazoezi ya timu na mechi ya timu. Ndondo, yaani mechi za mashindano ya mtaani, haikuwemo. Chukua hesabu ya mfano tuone uzito wa kitu kilichoachwa. Tuseme kijana ana alama 1,500 za wiki hii kwenye programu, na wastani wake wa wiki nne ni 1,400. Uwiano ni 1.07, pazuri kabisa. Ongeza mechi mbili za ndondo za dakika 90, kila moja akiipa tisa, maana pale hakuna anayecheza kwa kujipumzisha: ni alama 1,620 zaidi. Wiki yake halisi ni 3,120. Kama mashindano ndiyo kwanza yameanza na wiki tatu za nyuma hakucheza, wastani unakuwa 1,805 na uwiano unapanda hadi 1.73. Kwa kipimo cha programu yenyewe, pamoja na udhaifu wake wote, kijana yuleyule ametoka kijani hadi nyekundu iliyokolea. Kasoro ilianzia kwenye swali, na hakuna toleo jipya la programu litakalolisahihisha.

Lakini kuongeza kisanduku cha "mechi nyingine" nako hakutoshi, kwa sababu kijana ana sababu ya kuficha. Ndondo inalipa. Timu ya mtaa inamfuata kwa bodaboda, inampa posho mkononi, na usiku huohuo nyumbani kunaliwa. Akademi zina kanuni inayokataza, na adhabu ni kukaa benchi. Ukimwuliza mbele ya wenzake, akikiri amepoteza namba kikosini; akinyamaza, amepoteza nyama ya paja pengine mwezi ujao, na mwezi ujao uko mbali. Nani kati yetu angekiri? Kwa hiyo usahihi wa programu, hata ile ya bei kubwa kuliko zote, unategemea jambo ambalo haliuzwi ndani yake: kama kijana anaamini kwamba jibu la kweli halitamponza. Mwalimu anayeuliza faraghani, mmoja mmoja, na akisikia "nilicheza Mbagala" anampunguzia mazoezi bila kumpigia kelele, atapata taarifa bora kwa daftari kuliko mwenzake mwenye vesti ishirini.

Upande wa wanaopinga una hoja tatu, na uzito wake haulingani. Dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi vijiweni: kwamba wazee walicheza peku kwenye vumbi, bila vesti wala kompyuta, na hawakuumia ovyo kama vijana wa leo. Mazungumzo hayo yana utamu wake, na kahawa inayasaidia. Ila angalia nani anatajwa. Tunawakumbuka waliodumu. Wale walioacha mpira wakiwa na miaka 21 kwa sababu goti lilivimba na hakukuwa na wa kulipima, majina yao hayamo kwenye hadithi, wamo mitaani, wanachechemea kidogo wakipanda ngazi, na ukiwauliza watakwambia "niliumia, nikaacha." Zamani majeraha hayakuandikwa, na kisichoandikwa tumekigeuza kuwa ushahidi kwamba hakikuwepo. Tena mpira wenyewe si uleule. Kasi imeongezeka, ligi imerefuka, mchezaji anayewakilisha klabu na taifa anasafiri bara zima katikati ya wiki.

Hoja ya pili ina nguvu: Ulaya wana vifaa vyote, mbona wanaumia? Ni swali halali. Katika utafiti wa UEFA unaoongozwa na Jan Ekstrand tangu 2001, majeraha ya misuli ya nyuma ya paja yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote msimu wa 2001/02. Kufikia 2021/22 yalikuwa asilimia 24. Ni miaka ileile ambayo vifaa vya kupima viliongezeka, na mwaka 2015 sheria za mchezo zikaruhusu vivaliwe hadi kwenye mechi. Anayeahidi kwamba kupima peke yake kutapunguza majeraha ana kazi ya kuieleza takwimu hiyo. Mimi naisoma hivi: kupima hakujapunguza mechi hata moja. Aliyeona nyekundu kwenye skrini hakuwa na mamlaka ya kumtoa mchezaji, na mwenye mamlaka alikuwa na dabi Jumapili. Ekstrand na wenzake walilichunguza hilo pia, kwenye klabu 36 za Ulaya, matokeo yakatoka 2019: pale ambapo mawasiliano kati ya madaktari na kocha mkuu yalikuwa mabovu, mzigo wa majeraha ulikuwa mkubwa zaidi na wachezaji walipatikana kwa uchache zaidi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi chanzo, lakini unaelekeza kidole mahali ambapo sisi hatupendi kutazama.

Hebu tujitazame. Ligi Kuu ina timu 16 na mechi 30. Timu inayofika mbali kwenye mashindano ya CAF, kama Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 na Simba 2025, inarudi nyumbani na viporo, yaani mechi za ligi zilizoahirishwa. Viporo vinapangwa vikifuatana, safari ya mkoani juu ya safari ya ng'ambo, na katikati kuna wito wa Taifa Stars. Kocha wa viungo anaweza kuwa na michoro mizuri kuliko yote Afrika Mashariki. Ratiba haisomi michoro. Na ndani ya klabu zetu, fikiria daktari wa timu anayemwendea kocha mkuu siku mbili kabla ya dabi ya Kariakoo na kumwambia mshambuliaji namba moja apumzike. Fikiria simu atakazopokea. Mpaka klabu iandike, kabla msimu haujaanza, ni nani ana neno la mwisho na kwa hali zipi, programu itaendelea kufanya kazi moja: kuthibitisha baada ya jeraha kwamba mtu fulani alikuwa anajua.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoikubali karibu yote. Ni ya fedha. Zipo njia za kupunguza majeraha zilizojaribiwa kwa mtindo uleule mgumu wa Norway, zikafaulu, na hazihitaji hata chaji. Programu ya kupasha misuli ya FIFA 11+ ina mazoezi 15 ya kukimbia, kuimarisha kiwiliwili na miguu, kuruka na kutua vizuri. Huchukua kama dakika 20. Ilijaribiwa Lagos, kwenye ligi ya vijana wa miaka 14 hadi 19: timu 20, wachezaji 416, viwanja vinavyofanana na vyetu. Timu zilizoifanya zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41, matokeo yakachapishwa 2014. Zoezi la kupiga magoti na kujishusha mbele taratibu huku mwenzako akikushika vifundo, ambalo wachezaji hulichukia kwa haki kabisa, hupunguza majeraha ya nyuma ya paja kwa karibu nusu. Haya yote ni bure. Nenda kiwanja chochote saa kumi jioni uone wangapi wanayafanya. Utakuta mzunguko mmoja wa uwanja, kunyoosha kidogo, halafu "gawa vesti, tucheze." Akademi isiyofanya dakika 20 hizo haina sababu ya kuzungumzia programu ya kulipia, na muuzaji wa programu hiyo akiwa mkweli atakwambia hivyohivyo.

Kuna jambo moja ambalo sijasikia likijadiliwa popote, na linawahusu wachezaji zaidi kuliko makocha. Namba hizi ni za nani? Rekodi ya miezi minane inayoonyesha kijana hutaja uchovu mara kwa mara, hulala vibaya na hulalamikia enka ya kushoto ni msaada kwa daktari. Siku ya kujadili mkataba mpya ni silaha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na tunayo Tume ya kuisimamia. Hata hivyo, kijana wa miaka 16 anapewa simu, anabonyeza "nakubali" kwenye maandishi ya Kiingereza asiyoyasoma, na mzazi wake hajui kama kuna kitu kimekubaliwa. Nani anaziona? Je, zinahama naye akihama timu? Wakala anaweza kuziomba? Muuzaji akifunga ofisi, zinabaki wapi? Klabu isiyoweza kuyajibu maswali hayo kwa Kiswahili, mbele ya wazazi, haiko tayari. Na mchezaji mwerevu akishagundua kwamba "nane" yake inaweza kumpunguzia mshahara, atasema tano hadi siku ya kustaafu, na karani wetu ataandika tano.

Kwa hiyo mkurugenzi wa akademi akiniuliza anunue au asinunue, ningemwambia aanze na msimu mmoja wa daftari. Dakika 20 za kupasha kila siku, bila mjadala. Swali la sifuri hadi kumi, linaloulizwa pembeni. Swali la pili, jana ulicheza wapi, lisilo na adhabu. Mtu mmoja aliyetajwa kwa jina mwenye haki ya kusema huyu leo hachezi. Baada ya msimu, akiona daftari limejaa majibu ya kweli na mikono imechoka kukokotoa, basi anunue programu. Hapo itamwokolea muda na macho, na atajua cha kuiuliza. Akiona daftari limejaa tano tupu, ameshajua tatizo lake bila kulipa leseni.

Na kabla ya leseni hiyo, apige hesabu nyingine. Yule winga wa Temeke hakwenda Mbagala kwa kupenda vumbi. Alikwenda kwa posho. Kama bajeti inaruhusu vesti ishirini na ada ya kila mwaka, inaruhusu pia kuwapa nauli na chakula vijana wanane au tisa ambao kila mtu kiwanjani anawajua kwamba hufuatwa na timu za ndondo, ili Jumapili wapumzike nyumbani. Sijawahi kuona muuzaji yeyote akiliweka hilo kwenye orodha yake ya bei.